Bwana alikopa na laini yangu, sasa nadaiwa mimi

SWALI: Habari shangazi. Nilitoka kwa bwana yangu mwaka jana ju ya kupigwa, nikaacha kila kitu hadi kitambulisho. Simu yangu alikuwa anaishika yeye na pin anaijua, saa hii watu wa mikopo ya simu wananisumbua na deni sijakula hata shilingi, wamepigia hadi bosi wangu sokoni. Pia nasikia anataka kuuza ploti yetu ya Bahati na hati iko kwa jina lake. Niko na haki ama nilipe tu ninyamaze? Mama wa wawili, Nakuru.

JIBU: Pole sana mama, na usinyamaze. Usiwalipe hata mia mbili ya kuwatuliza, itaonekana umekubali deni ni lako.

Anza na hio laini kwanza, ju bado anaweza kukopa nayo hata leo usiku. Enda polisi na mtu unayemwamini, kwa dawati la jinsia, uripoti kupigwa na hizo loni pamoja, wakupe namba ya OB (kitabu cha ripoti za polisi) na abstrakti (cheti cha polisi) ya kitambulisho kupotea. Ukishapata kitambulisho kipya wakubadilishie laini uweke pin ingine, alafu piga *106# uone kama kuna laini ingine imesajiliwa kwa jina lako.

Sasa waandikie wenye kukopesha, kwa maandishi sio kwa simu, useme nani alikuwa na simu na uweke namba ya OB. Sikudanganyi, watasema pin ni yako hivyo deni ni lako, ndio maana hio OB ni muhimu sana. Uliza CRB, wale wanaweka rekodi za mikopo, ripoti yako, moja kwa mwaka ni bure, na kila deni lenye si lako ulipinge. Na huyo alipigia bosi wako amevunja kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali, mshtaki kwa Benki Kuu. Hio imeniuma, mtu ametoroka kipigo alafu anaaibishwa kazini.

Sheria ya 2015 ya kulinda watu na dhuluma za nyumbani inahesabu kunyanyaswa kwa pesa kama dhuluma, na korti inaweza kuamuru akulipe hasara yenye alikuletea. Huna wakili? Piga 1195, laini ya msaada wa dhuluma za kijinsia, ni bure, ama uliza FIDA, shirika la mawakili wanawake.

Ya ploti ndio ya haraka. Kama ni mali ya ndoa hawezi kuiuza bila wewe kukubali, hata hati ikiwa na jina lake peke yake, na ndoa ya kimila pia ni ndoa. Enda ofisi ya ardhi wiki hii uweke kosheni, yaani zuio ili ploti isiuzwe. Kulea watoto na kazi ya nyumba ni mchango kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, lakini Mahakama ya Juu ilisema 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, lazima uonyeshe ulichangia nini, kwa hivyo tafuta risiti za mawe na mabati, meseji za M-Pesa, na jirani aliyekuona ukilima hapo.