Mbwa kamngurumia mtoto, baba anataka aondoke

*Shikamoo Anti. Nina miaka 33, nina mume na watoto wawili, tupo Moshi maeneo ya Pasua. Miaka mitatu iliyopita tuliibiwa kuku wote usiku mmoja, ndo shemeji akatuletea mbwa mdogo kutoka Kibosho, watoto wakamwita Simba. Mchana anafungwa mnyororo bandani nyuma ya nyumba, saa nne usiku anafunguliwa mpaka asubuhi, na tangu aje hatujaibiwa hata kijiko. Sasa wiki mbili zilizopita Junior wangu (ana miaka 5) alikimbiza mpira mpaka bandani Simba anakula, Simba akamngurumia meno yote nje. Hakumuuma. Baba Junior alimpiga Simba sana na tangu siku hiyo anasema mbwa aondoke, ama akaachwe mbali huko ama atafutwe mtu wa kummaliza. Watoto wanalia, mama mkwe anasema nathamini mbwa kuliko mjukuu wake. Kweli Simba mkorofi, usiku anatafuna malapa barazani, na akikosa anajua kabisa, anainamisha kichwa na mkia anaficha. Baba Junior hana mazoea naye, hata sahani ya chakula anamsukumia na ufito. Nifanye nini Anti, ndoa inaanza kuyumba kwa ajili ya mbwa. Mama Junior.*

Marahaba Mama Junior. Pole, na Junior mpe pole yangu, maana meno kama yale mtoto wa miaka mitano anayaota wiki nzima.

Ila nikuambie kitu ambacho mama mkwe hatakipenda. Siku ile Simba alijitahidi. Hebu kaa kwenye nafasi yake, umefungwa mnyororo, unakula chakula chako cha siku nzima, alafu kitu kinakujia mbio kutoka nyuma ya ukuta kinapiga kelele na hauna pa kukimbilia. Mbwa mzima ana meno 42, na yote yalikuwepo pale, na Junior alikuwa kwenye usawa wa mdomo wake kabisa. Akaishia kunguruma. Mi nasema hapo mbwa kaongea, tena kaongea vizuri, kasema "sogea" kwa lugha pekee aliyopewa na Mungu.

Na nakuhakikishia kabla ya kunguruma alishasema mengine hakuna aliyemsikiliza. Mbwa akikereka anaanza kidogo kidogo, anageuza uso pembeni, anajilamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo na wala hana usingizi. Ukiendelea anakakamaa mwili mzima, anaacha kutafuna ila mdomo bado upo kwenye sahani, anakuangalia kwa pembeni mpaka unaona weupe wa jicho. Hapo ndo panapofuata kunguruma. Na huo mkia usikudanganye, watu wengi wanadhani mbwa akitikisa mkia ana furaha, sio kweli, mkia uliosimama juu umekaza unatikisika haraka haraka ni mbwa aliyepandwa na mori, mkia wa furaha unamchukua mpaka kiuno.

Sasa kile kipigo. Kwetu Uru nikiwa mdogo tulikuwa na mbwa anaitwa Popi, mwekundu, sikio moja limekatika. Kila akinguruma baba alikuwa anamchapa na fimbo ya mkahawa, na fimbo ya mkahawa haina masihara. Popi akajifunza. Akaacha kunguruma kabisa, tukamsifia kwa majirani kwamba siku hizi kawa mpole. Alafu jioni moja mdogo wangu wa kiume akamkanyaga mguu amelala kwenye majani makavu ya migomba, Popi hakutoa hata sauti, alinyanyuka tu akashika mkono juu ya kiwiko. Ndugu yangu alibebwa mgongoni na mama kushuka mpaka barabarani, na sindano zilizofuata nazikumbuka mimi ambaye sikuchomwa. Baba hakuwa mkatili, alikuwa anafanya walichofanya wazee wote pale kijijini, lakini ukimpiga mbwa kwa kunguruma unachoondoa ni ile honi tu, hasira na woga vipo pale pale. Kwaiyo kuanzia leo Simba akinguruma mtu asogee, mtoto aondolewe, na mnajiuliza nini kimemkera. Basi. Fimbo iwekwe.

Na hilo la kwamba "anajua kosa lake", hapana mama. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani anaitwa Alexandra Horowitz alilipima hilo, wenye mbwa wanakataza kitu kisiliwe, wanatoka nje, wakirudi wanaambiwa mbwa kala au hajala, na mara nyingine wanaambiwa uongo. Ile sura ya kuinamisha kichwa ilitokea pale mwenye mbwa alipogomba, hata kama mbwa hakula kitu. Simba anasoma uso wa Baba Junior anavyotoka mlangoni kakunja ndita, malapa alishayasahau tangu saa nane usiku. Anayatafuna kwa sababu yananuka nyinyi na kwa sababu anaboreka, mpe mfupa mbichi wa ng'ombe uone kama ana habari na kandambili. Mbichi nimesema, iliyopikwa hasa ya kuku inapasuka vipande vyenye ncha inamchana tumbo.

Barua yako ndefu na nimeisoma mara mbili natafuta neno chanjo sikuliona! Simba kachanjwa kichaa? Chanjo inaanza akiwa na miezi mitatu alafu kila mwaka, na kadi yake unaitunza kama unavyotunza kliniki kadi ya mtoto. Kama hana, kesho mpigie bwana mifugo wa kata yenu, au uliza lini wanachanja, mara nyingi kampeni zinakuwa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Nikutoe hofu moja, kama siku ile Simba angekuwa na kichaa, leo wiki mbili baadaye asingekuwa anakula na kutafuna malapa, angekuwa ameshakufa. Ila uje ujue kwa siku ya mbele, mbwa yeyote akimuuma mtoto, hata mkwaruzo tu wa jino, kidonda kinaoshwa na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, alafu moja kwa moja hospitali, Mawenzi au KCMC, kuanza chanjo siku hiyo hiyo. Hakuna kupaka pilipili, hakuna mafuta ya taa, hakuna kusubiri tuone, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu kupona karibu hakupo. Na huyo mbwa asiuawe papo hapo, afungwe aangaliwe siku 10.

Muombe bwana mifugo ampe na chanjo ya distempa, ule ugonjwa wa virusi unaoua mbwa. Na kwa jina mlilompa mbwa wenu lazima nikuchekeshe kidogo, mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, na wataalamu wanaamini ilitokea kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Simba wa kweli kauawa na ugonjwa wa mbwa, we unacheza.

Tuje kwenye maisha ya humo ndani. Mama Junior, huyo mbwa hamjawahi kuishi naye. Mmeajiri mlinzi mkamfungia stoo mchana kutwa miaka mitatu, hajui mpira ni nini, hajui Junior ananukaje akiwa katulia, anamjua Junior wa mbali anayepiga kelele upande wa pili wa ukuta. Mbwa anazoea dunia hasa akiwa na wiki tatu mpaka kumi na nne hivi, na nahisi huo muda wa Simba uliishia kwenye mnyororo. Mbwa mkubwa naye anajifunza, sema taratibu.

Anza na chakula. Ahamishwe sehemu ya kulia, kona yenye uzio au mlango, na akiwa anakula mtoto hasogei, hilo ni sheria ya nyumba kama moto wa jiko. Wewe (sio Junior, wewe) kila siku ukishampa ugali wake pita mbali kama hatua sita, mrushie kipande cha utumbo karibu na sahani, endelea na safari zako kama hujamuona. Siku nne tano hivyo, alafu hatua tano. Akikakamaa umeenda haraka, rudi nyuma. Ukiona siku moja umepita anainua kichwa anakuangalia na masikio yamelegea, anasubiri utumbo, hapo kashaelewa kwamba mtu akija kwenye sahani yangu analeta, haji kuchukua. Mwiko kumnyang'anya sahani eti umuoneshe nani mkubwa. Na kwenye makombo toa vitunguu, vinamharibia damu.

Watoto wakiwa shule mfungulie mchana akae uani na wewe, unafua yeye analala kivulini, hayo ndo mazoea. Jioni mtembeze na kamba, sio mbio, muache anuse kila nguzo na kila kichaka, nusu saa ya kunusa inamchosha kuliko mnavyodhani na malapa yatapona. Mkague masikio na kati ya vidole maana kupe wa kwetu huku hawana likizo, na mbwa mwenye maumivu ananguruma kwa vitu vidogo. Kumhasi nako mulizie daktari wa mifugo, dume aliyehasiwa anapunguza kuzurura.

Junior mfundishe mchezo wa mgomba. Mbwa yeyote akimjia, asimame kama mgomba siku isiyo na upepo, mikono kifuani, macho chini, mdomo kimya. Kukimbia na kupiga kelele ndo kunamfanya mbwa akufukuze. Na kumkumbatia mbwa shingoni akome, hata kama kwenye simu anaona watoto wa wazungu wanafanya. Wakiwa pamoja mtu mzima awepo na macho yawe pale, sio kwenye wasap.

Kumpeleka "mbali huko" ndo nini? Mnamtupa Boma Ng'ombe au kule kwenye miwa, mbwa mwenye njaa, asiye na chanjo, atang'ata mtoto wa mwenzio ambaye hatajua ametoka wapi. Hapo hamjamaliza tatizo mmelihamisha wilaya. Kama mtafanya yote haya miezi miwili mitatu na bado huna amani, mtafutieni nyumba ya watu wazima tupu, na mwambieni mwenye nyumba ukweli wote kuhusu sahani. Na ikitokea kamuuma mtoto kweli, mi sitakuwa upande wa mbwa, mwambie mama mkwe hivyo, na hata hapo anayeamua ni daktari wa mifugo na sindano yake, sio kijana wa mtaani na rungu.

Nilichoacha mwisho ni ule ufito. Umeuandika kama kitu cha kupita tu, mi ndo ulionisimamisha. Miaka mitatu mbwa kakaa hapo, anamlindia nyumba yake, na mwanaume mzima bado anasukuma sahani na mti wa mita moja na nusu. Yule aliyempiga Simba siku ile hakuwa na hasira peke yake. Unagombana naye kuhusu huruma wakati yeye shida yake huenda sio huruma, kila ukimwambia "mbona unakuwa mkatili" anakuwa mkatili zaidi ili usione kingine. Muache apumzike na hilo neno.

Jumapili akishatoka kanisani, akala mtori wake akashiba, watoto wapo nje, kaa naye. Usimuulize kama anaogopa mbwa, mwanaume wa huku kwetu atakuambia haogopi hata chui. Muulize tu kwao utotoni walikuwa na mbwa gani, anaitwa nani. Alafu nyamaza, mwongeze chai.

Yule mdogo wangu mkewe alimuuliza hivyo hivyo, miaka kumi na moja ndani ya ndoa, anamuona kila siku anavaa mashati ya mikono mirefu kwenye joto la Moshi. Hakujibu kitu. Alikunja mkono wa shati.