Maswali na majibu: Mwiko haufukiwi ndani ya wali

Inboksi imejaa maswali ya imeji za msingi za kontena, na karibu yote yana mzizi mmoja: mtu anaweka Ansible au Puppet, zana za kusanidi mashine, ndani ya imeji, anaipandisha kwenye rejistri, yaani ghala la imeji, timu nzima inajengea juu yake, alafu hakuna anayejua nani anaihudumia. Nimechagua machache. Sielezi leya ni nini wala Dockerfile inaandikwaje, mgeni kabisa ajenge kwanza imeji yake moja alafu arudi.

Swali: Mkuu habari za kazi. Tumetengeneza imeji ya msingi ya kampuni, ndani kuna Ansible, na kontena likiwaka linavuta pleibuku mpya (faili la maelekezo ya Ansible) toka git na kujisanidi lenyewe. Shida linachukua dakika nne mpaka liwe tayari. Naharakishaje? Niko Arusha.

Salama ndugu yangu. Huharakishi, unaitoa hiyo kazi pale ilipo. Kusanidi kunafanyika wakati wa kujenga imeji, sio wakati kontena linawaka. Ukipika wali unatumia mwiko, ukiiva unapakua, humpelekei mgeni sahani yenye mwiko umefukiwa katikati. Ansible ndo mwiko wako.

Angalia mlichojitengenezea. Kontena lililowaka saa tatu asubuhi limevuta pleibuku ya jana, la saa nane mchana limevuta ya leo, yote mawili yana tegi ileile, alafu moja linaanguka na jingine linadunda tu na nyie mnakesha kutafuta tofauti. Faida yote ya kontena ni kwamba kilichopimwa ndicho kinachokimbia, na hapo mmeshaitupa. Alafu kuna la pili, sasa huduma yenu haiwezi kuwaka mpaka git iwe hai, mirror ya pakeji iwe hai na intaneti iwe hai. Sisi wa ukanda huu hili hatuhitaji kuhadithiwa, Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kwa wakati mmoja na Tanzania, Kenya na majirani tukabaki tunafungua kurasa kwa tabu siku kadhaa. Mwenye imeji iliyokamilika kwenye rejistri ya ndani siku kama ile anazima na kuwasha kontena bila presha, mwenye kontena linaloanza na git clone anakaa anaangalia skrini.

Na kitu ambacho wengi mnakipita: Ansible haihitaji kuwemo ndani ya imeji kabisa. Haina ajenti. Upande wa pili inataka Python tu kwa moduli nyingi, na moduli ya raw hata hiyo haihitaji. Kwa hiyo Ansible ikae kwenye mashine ya CI, ile inayojenga na kupima kiotomatiki, unawasha kontena toka imeji tupu, unaiambia Ansible ipite kwa koneksheni ya community.docker.docker, au containers.podman.buildah kama unajenga imeji kwa Buildah, pleibuku ikimaliza unakomiti imeji, basi. Anayependa zana ya Packer nayo inafanya hivyohivyo. Vinavyobaki kwa wakati wa kuwaka ni vile vinavyotofautiana kati ya mazingira na mazingira, anwani ya databesi, kiwango cha logi, na hivyo vipite kwenye vigeu vya mazingira au faili la kupachika. Dakika zako nne zitakuwa sekunde.

Swali: Kwenye FROM niweke latest au namba?

Namba. Na kwa imeji ya msingi weka na dijesti ya sha256, alama ya kipekee ya imeji yenyewe, kabisa. Hili nimelijibu mara nyingi mno, latest sio toleo, ni jina linalohamishwa kila siku na mtu usiyemjua.

Swali: Kaka, Dockerfile yangu ya zamani ilikuwa na pip install ansible, nimehamia Debian 12 inakataa, inaleta neno externally-managed-environment. Nimeona sehemu wanasema niongeze --break-system-packages na kweli imekubali. Niendelee?

Hili linaletwa kila wiki na kila wiki mtu ameshaibandika ile bendera kabla ya kusoma jina lake. Lisome tena taratibu. Linasema vunja pakeji za mfumo, na ndicho linachofanya.

Debian 12 ya Juni 2023 ilifuata PEP 668, yaani Python ya mfumo inamilikiwa na apt, pip haina ruhusa ya kuchanganya vitu vyake humo. Sababu ni ya maana, pip ikipandisha maktaba ambayo programu ya mfumo inaitegemea, programu ile inakufa na kosa haliji kwenye hatua ya pip, linakuja miezi kadhaa baadae kwa mtu mwingine aliyejenga juu ya imeji yako. Tengeneza venv, mazingira ya Python yaliyojitenga, kwenye /opt/ansible, weka humo ansible-core kwa namba kamili ya toleo, sio jina tupu, alafu ongeza njia yake kwenye PATH. Ni mistari mitatu. Na kabla hujaandika hata huo wa kwanza, rudi kwenye jibu la Arusha hapo juu ujiulize kama kweli unaihitaji ndani.

Swali: Shikamoo mkuu. Sisi tunatumia Puppet. Tuliweka puppet-agent kwenye imeji ya msingi na certname (jina la cheti) moja kwenye puppet.conf. Kontena la kwanza lilipata cheti vizuri, la pili likagoma likisema cheti hakiendani na ufunguo. Tukanakili folda ya ssl ya lile la kwanza tukaiingiza kwenye imeji, sasa yote yanaongea na seva. Kuna ubaya?

Marahaba. Kuna ubaya mkubwa, na ningeomba leo hii hiyo imeji iondoke kwenye rejistri kabla hujamaliza kusoma.

Kile kilichogoma kilikuwa kinawalinda. Ajenti wa Puppet anatengeneza ufunguo wake wa siri, anaomba cheti, seva inasaini, na tangu hapo huo ufunguo ndo utambulisho wake. Kontena la pili lilizaa ufunguo wake, likaletewa cheti cha mwenzake, likakataa kwa haki. Nyie mkachukua kitambulisho cha mtu mmoja mkakitolea kopi mkakigawa kwa kila anayepita. Yeyote anayeweza kuvuta ile imeji, fundi wa muda, laptopu iliyoibiwa kwenye daladala, kompyuta ya CI ya timu nyingine, anaweza kujitambulisha kwa seva kama nodi ile, yaani mashine ile, na kuletewa katalogi yake, orodha ya usanidi wake, na katalogi mara nyingi ina paswedi za databesi humo humo. Kwa hiyo kuifuta imeji hakutoshi, nenda kwenye seva ukibatilishe hicho cheti kwa puppetserver ca revoke, alafu badilisha kila paswedi iliyowahi kupita kwenye katalogi ya nodi hiyo.

Na ukiwa hapo kagua ndugu zake wawili ambao huwa wanasahaulika. Ukiweka openssh-server kwenye Debian, funguo za hosti zinazaliwa palepale pakeji inaposakinishwa, maana yake zinafungiwa ndani ya leya na kontena zote zinakuwa na funguo zilezile. Na /etc/machine-id, namba ya utambulisho wa mashine, vilevile. Mimi kwanza sioni kwanini kontena liwe na sshd, seva ya SSH, ukitaka kuingia kuna docker exec.

Sasa la msingi. Ajenti kwa kawaida anaamka kila dakika 30 kurudisha mashine kwenye hali iliyoandikwa. Kwa seva inayoishi miaka mitatu hiyo ni kazi nzuri sana na nawaheshimu waliobuni Puppet tangu 2005, lakini kontena linaloishi masaa manne halina cha kurekebishiwa, likiharibika linauawa linawashwa jingine. Kama manifesti zenu, yaani faili za maelekezo ya Puppet, ni nzuri msizitupe, ziendesheni kwa puppet apply wakati wa kujenga, bila seva, bila cheti, bila ajenti kubaki. Wa Salt, zana nyingine ya aina hii, mnayo salt-call --local inayofanya hivyohivyo. Na wa Salt msikae mkidhani haya ya utambulisho hayawahusu, mwaka 2020 mwanya wa CVE-2020-11651 uliwaruhusu watu kumwamuru masta, seva kuu ya Salt, bila kujitambulisha, na masta zilizoachwa wazi kwenye intaneti zilivamiwa ndani ya siku chache. Kama porti 4505 na 4506 za masta wenu zinaonekana toka nje, zifunge leo.

Swali: Nimeweka rm -rf /var/lib/apt/lists mwisho wa Dockerfile lakini imeji haijapungua hata MB moja.

Kwa sababu umefuta kwenye leya mpya, ile ya chini bado ina kila kitu. Futa kwenye RUN ileile uliyosakinisha.

Hapa naongeza ambalo hukuuliza kwa sababu linaumiza zaidi ya ukubwa. Ukifanya COPY ya faili la paswedi ya ansible-vault, inayofungua siri za Ansible, ukaendesha pleibuku, alafu mstari unaofuata ukalifuta, lile faili bado limo kwenye leya ya COPY na mtu yeyote mwenye imeji atalitoa kwa docker save na tar. Paswedi uliyoipitisha kwa ARG ndo rahisi zaidi, docker history inaweza kukuonyesha bila hata kufungua kitu. Tumia RUN --mount=type=secret ya BuildKit, injini ya kujenga ya Docker, siri inaonekana wakati wa mstari ule tu na haiandikwi kwenye leya. Kama ulishaipandisha imeji yenye siri, kuifuta sio tiba, badilisha siri yenyewe.

Swali: Bosi, imeji yetu ya CentOS 7 imeacha kujengeka, yum inasema mirrorlist.centos.org haipatikani, nimehamisha kwenda vault imekubali lakini Ansible mpya nayo inagoma.

CentOS 7 iliisha tarehe 30 Juni 2024. Vault ni makaburi ya pakeji, zimehifadhiwa zilivyokuwa, hakuna kiraka kipya cha usalama kitakachokuja humo. Na Ansible inagoma kwa sababu Python ya CentOS 7 ni 2.7, na ansible-core 2.16 ndo ya mwisho kuikubali, 2.17 imeiacha pamoja na Python 3.6. Ndo maana hata ukihamia Rocky 8 au AlmaLinux 8 utakutana na ukuta uleule, Python yao ya mfumo ni 3.6. Nenda 9 moja kwa moja. Najua kuna programu ya zamani pale juu ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, ipo kila ofisi, lakini kila mwezi unaosubiri unaihudumia kwenye mfumo wenye matundu yanayojulikana na dunia nzima.

Swali: Nawekaje puppet-agent kwenye Alpine?

Usiweke. Alpine inatumia maktaba ya C iitwayo musl na pakeji rasmi za Puppet zimejengwa kwa nyingine, glibc. Chukua debian ya slim, hizo MB chache ulizookoa utazilipa kwa usiku mzima.

Swali: CI yetu inaleta toomanyrequests ikivuta toka Docker Hub, na kila mtu ofisini anavuta mara moja moja tu.

Mara moja moja za watu wote zinahesabika pamoja kwa sababu ofisi nzima iko nyuma ya IP moja. Tangu Novemba 2020 Docker Hub inaweka kikomo kwa wasiojitambulisha. Weka rejistri ya ndani inayofanya kazi ya kashe, imeji ya msingi ishuke mara moja, wengine wote wavute kwenye LAN. Bando mtakazookoa zitalipa hiyo mashine.

Swali: Bro, mimi nataka imeji yenye Python na systemd tayari kwa ajili ya kujaribu roli zangu za Ansible na Molecule, zana ya majaribio, tu. Napo nakosea?

Hapana, hapo uko sahihi kabisa. Imeji ya majaribio inaigiza seva, kwa hiyo iwe na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, iwe na Python, iwe nene inavyotaka. Jaribu Podman, inaitambua systemd ikiwa ndo mchakato wa kwanza na kuiandalia mazingira, usikimbilie --privileged. Ila iite jina lenye neno jaribio na ikae rejistri yake, maana nimeshaona imeji kama hiyo ikiwa prodakshen kwa sababu tu mtu aliikuta inafanya kazi.

Swali: Imeji ya msingi ijengwe upya kila baada ya muda gani?

Kila wiki kwa ratiba ya CI, na siku hiyohiyo likitoka shimo kubwa la usalama. Ijengwe bila kashe, la sivyo apt-get upgrade yako ni ya mwezi jana. Na ibandikeni lebo za org.opencontainers.image.created na org.opencontainers.image.authors, kwenye authors liandikwe jina la timu ambayo ipo.

Kuna ofisi niliitwa kusaidia, huduma kumi na mbili zimejengwa juu ya imeji moja ya miaka miwili, aliyeitengeneza alishahama kazi na Dockerfile aliondoka nayo kwenye laptopu yake. Tulikaa na docker history tukiiandika upya mstari kwa mstari. Mistari ya RUN tuliipata, ila yale mafaili yaliyoingizwa kwa COPY hatukuwahi kujua yalitoka wapi, na mawili kati yake huduma ya malipo ilikuwa inayasoma kila ikiwaka.