Kwenye karatasi ya dhambi za ukoo, jina langu halikuwamo

Baba yangu na baba mkubwa hawakusemeshana kwa miaka 17. Hawakupigana wala kutukanana mbele za watu. Walinyamaziana tu. Baba mkubwa alipofariki, baba alikwenda kuzika, akatupia udongo wake, akarudi nyumbani akaketi gizani bila kuwasha taa. Nilikuwa na miaka 15, nikajiapia kwamba mimi sitakuwa hivyo. Baadaye nikaja kusikia kwamba babu naye alikufa akiwa hasemi na dada yake.

Nilipofika miaka 38 nilikuwa nimemaliza miaka 6 bila kuzungumza na kaka yangu. Tulikosana juu ya nani alitoa nini wakati mama anaugua, na nani alikuwa na shughuli nyingi mno za kumzuia kuja. Nilikuwa na hoja zangu zote, nimezipanga vizuri, na usiku nilizirudia moyoni kama mtu anayejiandaa kwenda mahakamani.

Kilichonishtua kilitokea ndani ya nyumba yangu. Mwanangu mkubwa, ana miaka 9 wakati huo, alikosana na mdogo wake juu ya jambo ambalo hata silikumbuki. Mdogo akawa anamfuata huku na huku, anamvuta shati, anasema "nisamehe, nisamehe". Mkubwa anaangalia ukuta, taya zimekaza. Siku tatu. Uso ule niliujua, ulikuwa wa baba yangu. Mke wangu akaniambia kwa upole kwamba ni wangu pia.

Basi nikaenda kwenye maombi ya kuvunja laana za ukoo. Nikapewa karatasi, nikaambiwa niandike majina ya wazee wangu hadi kizazi cha nne na dhambi zao ninazozijua. Nikajaza pande zote mbili: chuki, uzinzi, uganga, dhuluma ya mali. Nikaombewa, nikalia kweli kweli, nikatoa sadaka niliyoambiwa ni ya kujikomboa. Nikarudi mara ya pili, na ya tatu. Kila mara nilitoka mwepesi, na wepesi ule ulidumu kama wiki mbili. Kaka yangu nilikuwa bado sijampigia simu.

Mama mmoja mtu mzima katika kikundi chetu cha maombi aliniomba nimwonyeshe ile karatasi. Akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, akaigeuza upande wa pili, akamaliza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na wewe umeandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewaungamia marehemu wote dhambi zao, na dhambi yangu nimeiacha nje ya mlango ikinisubiri.

Naandika haya kwa sababu najua wengi mnabeba mzigo kama ule, na wengine mmeshazunguka kutafuta wa kuwafungua mpaka mmechoka. Siwadharau walioniombea. Waliona jambo la kweli: dhambi hutembea ndani ya nyumba. Soma Mwanzo taratibu utaliona. Ibrahimu alisema Sara ni dada yake ili ajiokoe, akasema hivyo mara mbili. Isaka mwanawe akaja kusema neno lile lile juu ya Rebeka. Yakobo akamdanganya baba yake aliye kipofu kwa ngozi za mwana-mbuzi mikononi, na miaka mingi baadaye wanawe wakamdanganya yeye kwa damu ya mbuzi kwenye kanzu ya Yusufu. Isaka alimpendelea Esau na Rebeka akampendelea Yakobo. Yakobo, aliyekulia katikati ya upendeleo ule na kuonja uchungu wake, naye akaenda kumpendelea Yusufu mbele ya ndugu zake. Hakuna aliyekaa kitako kumfundisha mwenzake hayo. Watoto walikulia humo.

Lakini kuna mambo matatu ambayo tunayachanganya, na mchanganyiko huo ndio unaotutesa: hatia, mazoea, na madhara.

Hatia ya baba yako si yako. Biblia imelisema hili wazi kuliko tunavyohubiriwa. Torati katika Kumbukumbu 24:16 inakataza baba kuuawa kwa ajili ya mwana, au mwana kwa ajili ya baba. Mfalme Amazia aliifuata amri hiyo: aliwaua waliomuua baba yake, watoto wao akawaacha. Ilipofika zamani za uhamisho wa Babeli watu walikuwa na mithali yao, kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi. Yeremia na Ezekieli wote wawili wakaikataa. Ezekieli akaandika sura nzima, ya 18, juu ya baba mwema mwenye mwana mwovu, na mwana mwovu aliyezaa mwana mwema, akimhesabia kila mmoja njia yake mwenyewe.

Utaniuliza, na Kutoka 20:5 je? Pale Mungu anaposema anawapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne? Usome mpaka mwisho. Anasema "cha wanichukiao", yaani wana wanaoendelea katika chuki ile ile. Na aya inayofuata inataja rehema kwa maelfu elfu. Nilikaa na hesabu hiyo siku nyingi, vizazi vitatu au vinne upande mmoja na maelfu elfu upande wa pili, nikijiuliza kwa nini miaka yote nilifundishwa kuogopa ile namba ndogo.

Kwa hiyo sadaka ya kujikomboa na ukoo, ndugu yangu, usiitoe. Toa sadaka kwa shukrani, toa kwa maskini, toa kwa kazi ya Mungu. Ile ya kununua ufunguo usiitoe. Petro alikuwa kama anatuandikia sisi: "mlikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, mpate kutoka katika mwenendo wenu usiofaa mlioupokea kwa baba zenu, bali kwa damu ya thamani". Ametaja mwenendo wa kurithi, ametaja fedha, akaikataa fedha hapo hapo. Mtu akikutajia bei baada ya kuusoma mstari huo, ondoka. Si Wapentekoste peke yao wanaohangaika na jambo hili. Maaskofu Wakatoliki wa Poland mwaka 2015, na tume ya mafundisho ya imani ya maaskofu wa Hispania mwaka 2024, walitoa matamko ya kukataza ibada za kuponya dhambi za vizazi, kwa hoja kwamba dhambi ni ya mtu mwenyewe na ubatizo unasamehe kweli.

Mazoea ni habari nyingine. Petro hakusema tumepokea hatia kwa baba zetu, alisema mwenendo. Mimi nilirithi namna ya kunyamaza. Mwingine amerithi namna ya kusema uongo, au ya kumpiga mke, au ya kukopa bila kulipa, na amekulia humo hadi anaona ndiyo hali ya dunia. Hayo hayatoki kwa kuwekewa mikono mara moja jioni. Angalia wafalme wa Yuda. Ahazi alimpitisha mwanawe motoni, yaani alimtoa kafara kwa miungu. Hezekia mwanawe akavunja sanamu na kumtumaini Bwana. Ungesema mnyororo umekatika, sivyo? Manase, mwana wa Hezekia, akarudia dhambi ya babu yake, naye akampitisha mwanawe motoni. Amoni akamfuata Manase. Kisha akaja Yosia, mwana wa Amoni huyo huyo, aliyetawala akiwa na miaka 8, na Biblia inasema hakuwapo mfalme kama yeye aliyemrudia Bwana kwa moyo wake wote. Baba mwema hakumwokoa Manase, na baba mwovu hakumfunga Yosia.

Madhara yapo na hayakwepeki. Mfalme Daudi alisamehewa siku ile ile aliyokiri uzinzi na uuaji wake mbele ya nabii Nathani, lakini upanga haukuondoka nyumbani mwake. Baba akinywa ada za shule, watoto hawatasoma, hata akiokoka kesho. Hapo hakuna laana ya kuvunja. Kuna pengo la kuziba kwa jasho na kwa muda, na mara nyingine kwa msaada wa daktari au mshauri nasaha. Magonjwa mengine hutembea katika damu ya familia, na hata wepesi wa kutekwa na pombe. Kwenda hospitali si kupungukiwa imani. Na tafadhali, usimwambie mwanamke asiyepata mtoto au mzazi wa mtoto mlemavu kwamba ni dhambi ya babu. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilo mbele ya kipofu, nani aliyetenda dhambi, huyu ama wazazi wake? Akawajibu kwamba si huyu wala wazazi wake. Sijui kwa nini tunaendelea kuuliza lililokwisha kujibiwa na Bwana mwenyewe. Nimeona watu wakiacha kanisa kwa sababu ya swali hilo, na siwalaumu.

Sasa nilifanya nini. Yule mama alinipa Nehemia sura ya kwanza. Nehemia anaungama dhambi za Israeli, na katikati ya maombi anasema: "mimi na nyumba ya baba yangu tumefanya dhambi." Ametanguliza "mimi". Nilichukua karatasi mpya nikaanza na jina langu. Niliandika neno nililomwambia kaka kwenye simu ya mwisho, nikaandika na fedha nilizodai nimetoa kwa mama ambazo sikuzitoa zote. Ndiyo, hilo lilikuwamo. Miaka 6 nilikuwa nimesimama juu ya hoja yenye uongo ndani yake. Laana ya ukoo ilikuwa imenipa mahali pazuri pa kujificha.

Kisha nikamsamehe baba, ambaye alikuwa ameshatangulia. Watu huniuliza kama marehemu anasameheka. Mimi nilihitaji kumsamehe kwa sababu nilikuwa bado namdai. Nilikaa peke yangu mbele za Mungu, nikasema kwa sauti alichonifanyia, bila kukipunguza: zile wiki nilizokuwa nampa shikamoo asubuhi naye haitikii, nami sijui kosa langu. Ukisema tu "nimemsamehe kwa yote", hujasamehe kitu. Katika mfano wa Mathayo 18 deni lilikuwa na kiasi, talanta elfu kumi kwa mmoja, dinari mia kwa mwingine. Lihesabu kwanza deni lako, ndipo ulifute. Nililazimika kurudia mara nyingi, kwa maana hasira ilirudi, na sijashangaa tangu nisome kwamba Yesu alisema tusamehe hata saba mara sabini.

Hapa nitulie kidogo kwa ajili ya mliotendewa makubwa kuliko kunyamaziwa. Aliyepigwa, aliyenajisiwa na ndugu, aliyedhulumiwa na mzazi. Kusamehe hakukulazimishi urudi kukaa chini ya mkono wake, wala hakukuzuii kwenda polisi. Yusufu alikuwa akilia kwa siri chumbani akiwapenda ndugu zake waliomuuza utumwani, na bado hakujitambulisha siku ya kwanza. Aliwajaribu, safari moja hadi nyingine, mpaka Yuda alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Hapo akajua wamebadilika. Alipokuja kuwaambia, hakusema haikuwa kitu. Alisema, "mlinikusudia mabaya". Anayekuharakisha upatane na mtu ambaye hajatubu anataka amani yake mwenyewe.

Kwa wanangu nilifanya jambo gumu kuliko yote: niliwaomba msamaha. Niliwaeleza kwa maneno ya umri wao kwamba baba amekuwa akinuna, kwamba kununa ni kumwadhibu mtu bila kumwambia kosa lake, na kwamba nimeanza kuacha. Mkubwa aliniuliza, "Ukisahau je?" Nikamruhusu anikumbushe. Ananikumbusha. Inauma kila mara. Huwa namsomea habari za Kora, aliyemezwa na ardhi kwa uasi, na ule mstari mfupi wa Hesabu 26:11 usemao wana wa Kora hawakufa. Baadaye uzao wao ukawa waimbaji hekaluni, na baadhi ya zaburi tunazozipenda sana zina jina lao, pamoja na ile ya anayetaka kuwa bawabu katika nyumba ya Mungu.

Kaka nilimpigia jioni moja baada ya kuahirisha siku 11. Sikuanza na kosa lake. Nilimwambia kuhusu zile fedha. Akanyamaza kwa muda mrefu, nikasikia tu anavyopumua, kisha akasema, "Mimi nilidhani tutaonana msibani."

Hajaniambia kwamba amenisamehe. Nimeacha kumdai neno hilo. Anapokea simu zangu, na mwezi uliopita alipiga yeye, akamtaka mwanangu mkubwa, wakaongea muda mrefu hadi salio likakata.