Usiiwashe tena hiyo Land Rover: fungua sampo (bakuli la oili) kwanza

Usiiwashe tena hiyo injini, na usimimine humo oili ya gia hata kikombe kimoja. Umeeleza kwamba Land Rover 109 yako ya mwaka 1977, pikapu ya dizeli, imeanza kugonga kwa sauti kubwa tangu juzi, kwamba taa nyekundu ya oili inawaka na kuzimika injini ikipata moto, na kwamba fundi aliyeiangalia amekushauri uongeze oili ya gia ili kutuliza sauti, kisha uiendeshe taratibu kutoka Nachingwea hadi Masasi. Umeuliza kinachogonga ni nini, kama safari hiyo inawezekana, na kama ni bora kuing'oa injini hiyo uweke ya Toyota. Naanza na safari, kwa sababu ushauri uliopewa wewe ndio niliopewa mimi, karibu neno kwa neno, na mimi niliufuata.

Yangu ilikuwa ya 1976, yenye injini yake ya asili ya dizeli ya lita 2.25, na nilikuwa nikiitumia kubebea korosho za wakulima wa Tandahimba. Ilianza kugonga mwezi Novemba, msimu ukiwa umepamba moto na mvua za kwanza zikinyemelea. Mlio ulikuwa mzito, wa mfuatano, kama mtu anayegonga ubao kwa nyundo kutoka ndani ya pipa, na ulizidi kila nilipoachia kidogo pedali ya mafuta. Fundi alifungua kifuniko cha juu, akarekebisha tapeti, yaani nafasi ya vali, kwa kipimo sahihi cha milimita 0.25, akafunga, akaniambia imepona. Haikupona. Nilipomrudia nikamwonyesha taa ya oili inayopepesa, alisema swichi yake imekufa, akaingiza mkono pembeni mwa injini, akachomoa waya. Taa ilizimika hapo hapo. Nilimlipa kwa kazi hiyo, na hadi leo nikilikumbuka lile tendo la kuchomoa waya napandwa na hasira, kwa sababu ile taa ndiyo iliyokuwa ikisema kweli, na yeye aliinyamazisha kwa vidole viwili mbele ya macho yangu.

Siku iliyofuata akaja na dawa yake ya mwisho, yaani oili ya gia. Alitoa lita mbili za oili ya injini na kujaza za gia mahali pake, na ni lazima nikiri kwamba sauti ilipungua sana. Kupungua huko ndiko kulikonimaliza. Kama ingeendelea kugonga vilevile, ningeogopa na kuliacha gari. Lakini ilipotulia niliamini kwamba ugonjwa umeondoka, nikapakia magunia kumi na mawili na kuondoka alfajiri kuelekea Mtwara kupitia Nanyamba. Hata nusu ya njia sikufika. Kwenye mchanga, nikiwa gia ya pili na injini ikivuta kwa nguvu, mlio ulirudi kwa ghafla, mara nne au tano hivi, kisha ukatokea mshindo mmoja na moshi mweupe ukafumka chini ya boneti. Nilipofungua boneti niliona mwanga wa jua ukipenya ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na tundu lolote, na nyuma yetu barabarani kulikuwa na mstari wa oili unaoishia kwenye kipande cha konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini) kilichokuwa bado moto kiasi cha kutoshikika. Korosho zililala porini usiku ule zikafunikwa turubai lisilotosha, na magunia manne yaliyolowa hayakupokelewa ghalani kwa bei ya mengine. Injini haikuwa na kitu cha kuokoa: bloku imetoboka, krenki imepinda, silinda ya tatu imechanika. Nililazimika kununua injini iliyotumika kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na kukodi lori la kuileta, wakati siku ya kwanza kabisa ningeweza kuimaliza shida ile kwa seti moja ya beringi za konrodi.

Elewa kwa nini oili nzito inadanganya. Beringi ya konrodi ni kipande chembamba cha chuma kilichopakwa madini laini, nayo haipaswi kuigusa krenki wakati injini inazunguka. Kati yao kuna utando wa oili unaosukumwa na pampu. Beringi ikilika, nafasi inapanuka, oili inakimbilia pembeni, presha inashuka na taa inawaka, na kila silinda inapowaka konrodi inaipiga krenki kama nyundo. Oili nzito hukaa kwenye ile nafasi kama mto na kumeza sauti, lakini hupita kwa shida kwenye matundu membamba ya krenki, na beringi za konrodi ndizo zinazopata oili mwisho, baada ya meni beringi, zile zinazoishikilia krenki yenyewe. Kwa hiyo unaponyamazisha mlio kwa njia hiyo unazinyima oili beringi zilezile zenye njaa. Tena oili ya gia haikutengenezwa kwa joto la ndani ya injini. Fundi anayekushauri hivyo hatibu, anakupa muda wa kufika mbali naye kabla haijapasuka.

Kuna kipimo ambacho fundi wako alipaswa kukifanya siku ya kwanza, nacho hakichukui muda mrefu. Injini ikiwa inazunguka polepole, unalegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli moja, yaani kile kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, ukiwa umeizungushia kitambaa na kuuweka uso mbali kwa sababu dizeli yenye presha huweza kupenya ngozi, na silinda hiyo inaacha kuwaka. Unakaza, unahamia nyingine. Mlio ukififia kwenye silinda mojawapo, tatizo liko hapo, ama nozeli ama konrodi. Na ili kuzitenganisha, unahamisha nozeli hiyo kwenye silinda ya jirani. Mlio ukihama nayo, nozeli ndiyo mbaya, na hapo una bahati. Mlio ukibaki palepale, ugonjwa uko chini. Mtu mwingine angeweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini wake sikioni, kwanza juu karibu na tapeti, kisha chini karibu na sampo, na angesikia tofauti bila kuhitaji elimu kubwa: tapeti hulia kwa wepesi na kwa nusu ya mwendo wa krenki, ilhali konrodi hulia kwa uzito. Lakini kwako, ambaye taa imeshawaka, muda wa vipimo vya kuwasha injini umepita.

Ni kweli kwamba si kila mlio ni konrodi. Pistoni iliyolegea hugonga asubuhi injini ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto, mnyororo wa mbele hukwaruza upande wa feni, na dizeli hizi za zamani zina kelele zao za kawaida ambazo anayezifahamu hashtuki. Ila hakuna hata moja kati ya hizo inayoshusha presha ya oili namna hiyo.

Sasa fanya hivi ukiwa hapo hapo Nachingwea. Fungua nati ya kumwagia oili, ukinge kwenye beseni safi, kisha ichuje oili yote kwa kitambaa cheupe na ukitazame juani. Ukiona vumbi linalometameta lenye rangi ya fedha au ya shaba, na lisilovutwa na sumaku, hayo ni madini ya beringi. Hata usipoliona, ingia chini ya gari ufungue bolti za sampo, yaani lile bakuli la oili, kwa maana kwenye 109 linatoka bila kushusha injini. Utaziona konrodi nne zinaning'inia. Shika moja moja, isukume juu na kuivuta chini kwa mkono. Ikicheza kwenda juu na chini hata kidogo, umeshampata mwizi. Kucheza kidogo kwenda mbele na nyuma ni kawaida, kusikutishe. Kabla ya kufungua kofia za konrodi, ziwekee alama kwa namba ya silinda na upande wake, silinda ya kwanza ikiwa ile iliyo karibu na feni, kwa sababu kila kofia ilichongwa pamoja na konrodi yake na hazibadilishani.

Pitisha ukucha juu ya krenki pale beringi ilipokuwa imekaa. Ukucha ukikwama, au ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu kwa joto, krenki lazima itoke ikachongwe, na usikubali mtu akufungie beringi mpya juu ya krenki yenye mikwaruzo. Kama itabidi utafute krenki nyingine, kumbuka kwamba injini hizi hadi mwaka 1980 zilikuwa na meni beringi tatu na baada ya hapo zikawa na tano, hivyo ile ya gari jipya zaidi haitaingia kwenye bloku yako. Ikiwa krenki ni laini, igeuze beringi kuukuu usome mgongoni mwake: ama imeandikwa STD, yaani saizi ya kiwandani, ama ina namba kama 010 au 020, kuonyesha krenki ilishachongwa kiasi gani huko nyuma. Andika hapa hiyo namba na unachokiona kwenye kitambaa, kabla hujamtuma mtu Dar es Salaam kununua chochote, na swali lako la injini ya Toyota lisubiri jibu hilo.