Barua kwa mwanangu: umfukuze au umwache?

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kuhusu kijana wako wa stoo aliyekosea hesabu mara mbili, umfukuze au umwache. Unajua ninachosema siku zote: swali likija na majibu mawili tu, lirudishe likalete la tatu.

Unamkumbuka aliyekuwa akinilindia dagaa mwaloni, aliyekuwa akikubeba mabegani? Hukuwahi kuniuliza alikokwenda. Zilikuwa siku za kiza, mwezi hauonekani, mitumbwi inarudi alfajiri imejaa. Nilianika, nikaenda kutafuta magunia. Saa nane mvua ikashuka. Niliporudi dagaa walikuwa wamegandana na mchanga, harufu imeanza, naye amelala chini ya mtumbwi, turubai kalifanya mto.

Baba yako akasema fukuza. Shangazi yako akasema samehe, mtoto wa watu. Nikafukuza. Alilikung'uta turubai, akalikunja vizuri, akanikabidhi. Hakusema neno.

Baadaye ndipo nikasikia kwamba usiku alikuwa akiingia ziwani kushika taa kwenye mtumbwi wa mtu, kwa sababu mimi nilikuwa namlipa dagaa wakishauzwa. Usiku anavua, mchana ananilindia. Angelala saa ngapi? Ningeweza kumlipa kila jioni. Ningeweza kumweka kwenye kupima, ulinzi nikampa mwingine. Yote hayo yalikuwepo siku ile ile, hakuna aliyeyataja, tulikuwa tunabishana fukuza, samehe.

Utaniambia ofisi si mwalo. Kweli. Na mwizi ni mwizi, huyo hana jibu la tatu. Au analo? Hapana, mwizi aondoke. Lakini kukosea hesabu si kuiba, mpaka uwe umeangalia.

Hata ziwa letu la Tanganyika, mwaka 2024 lilifungwa lisivuliwe miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane, kisha likafunguliwa. Nililalamika kuliko wote, nikauza mawese nikiwa nimenuna. Ila halikufungwa moja kwa moja wala halikuachwa wazi. Swali likija na majibu mawili, lirudishe.

Keti na huyo kijana. Muulize nani anampokeza mzigo, na saa ngapi, na kama analala. Mimi ninalo langu moyoni la kukwambia umfanyeje, kalamu inaniwasha, ila stoo ni yako na yeye ni mtu wako.

Lile turubai bado ninalo. Nimefunikia madumu ya mawese.

Mama yako