Ukitaka Kubishana Kuhusu Legion, Njoo na Toleo Mkononi

Mtu akikwambia kwamba Legion of Super-Heroes iliharibika 1994, usimjibu hapo hapo. Muulize kwanza toleo lake la kwanza kabisa lilikuwa lipi, na alilipata wapi. Nimeshinda Jumamosi nyingi kwenye mabishano haya, ghorofani katika mkahawa mmoja karibu na Moi Avenue, Nairobi, ambako mwenyewe hutuvumilia mradi tuendelee kuagiza chai, na swali hilo limeokoa urafiki mwingi kuliko hoja yoyote niliyowahi kusikia pale.

Kwa asiyewajua, Legion ni kikosi cha mashujaa vijana wa karne ya 30 katika vitabu vya katuni vya Marekani, kila mmoja na sayari yake na kipawa chake. Walizuka Aprili 1958 katika Adventure Comics namba 247, hadithi ya Otto Binder iliyochorwa na Al Plastino: vijana watatu wanarudi nyuma miaka elfu moja kumtafuta Superboy, yaani Superman akiwa bado kijana, wamwingize kikosini. Ilikuwa hadithi ya kupita tu, lakini wasomaji wakawang'ang'ania. Kikosi kikaongezeka watu hadi ikawa kazi kuwakumbuka wote, na baadaye DC, kampuni inayowachapisha, ikawa inawapa wasomaji nafasi ya kupiga kura kumchagua kiongozi. Fikiria hilo. Mtu aliyempigia kura mhusika wa kuchorwa hawezi kunyamaza siku utakapomfuta.

Na wamefutwa. 1994, baada ya mkasa ulioitwa Zero Hour, historia yote tangu 1958 iliwekwa kando na kikosi kikaanza tena kwenye toleo lenye namba 0. Mwishoni mwa 2004 Mark Waid na Barry Kitson wakaanza upya tena. Mwaka 2007 Geoff Johns na Brad Meltzer wakarudisha kikosi kinachofanana na kile cha zamani, kikiwa kimeshazeeka kidogo. Mwaka 2019 Brian Michael Bendis na mchoraji Ryan Sook wakaja na chao. Kwa hiyo mezani pale wanakaa watu wanne wanaotaja jina moja, na kila mmoja ana kikosi tofauti kichwani. Wanapandishiana sauti kwa nusu saa kabla ya mtu kugundua kwamba hawazungumzii kitabu kimoja.

Ushauri wangu wa pili: kabla ya kumlaani mwandishi, fuatilia chanzo. Wengi huwabebesha lawama waandishi wa Legion, na kwa hilo wanawaonea. Mambo yaliharibikia upande wa Superman. Baada ya Crisis on Infinite Earths, hadithi ambayo DC waliitumia kuupanga upya ulimwengu wao wote, John Byrne alimwandika Superman upya mwaka 1986, na huyu wake hakuwahi kuwa Superboy. Sasa, kikosi kizima kilichoanzishwa kwa kumwiga Superboy kitasemaje? Wakatunga kwamba yule waliyekuwa wakimtembelea alitoka katika ulimwengu mdogo wa kando, kisha wakamuua. Hata hilo halikutosha. Ikabidi nafasi yake katika historia apewe mwanakikosi Mon-El, naye akabadilishwa jina akaitwa Valor. Kila kiraka kikahitaji kiraka kingine. Kufikia 1994 hata mimi ningechoka. Ndiyo maana anayesema wahariri waliamka tu asubuhi wakaamua kuwatesa mashabiki huwa namwomba anyamaze kidogo, anywe chai.

Lakini kuna jambo letu sisi wa Nairobi ambalo mashabiki wa Marekani hawalijui. Yule wa kule alikwenda dukani kila mwezi akanunua toleo linalofuata. Sisi tulikuwa tukiokota. Uliinama kando ya Tom Mboya kwenye vitabu vilivyotandazwa chini, ukapekua majarida ya mapishi na vitabu vya marudio vya darasa la nane, ukibahatika ukapata toleo moja la katikati ya hadithi. Toleo ninalolithamini kuliko yote halina jalada. Kona ya juu imetafunwa na panya, na pembeni mwa uso wa kijani wa Brainiac 5, mmoja wa kikosi, kuna hesabu za mtu kwa kalamu ya buluu: sukari, unga, mafuta ya taa, jumla. Hesabu yenyewe imekosewa. Mwanzo wa hadithi ile niliusoma miaka mingi baadaye, tena kwenye simu ya rafiki.

Msomaji aliyelelewa hivyo hana mfululizo wa kuvunjiwa. Alikwisha zoea kwamba Lightning Lad wa kitabu hiki anaitwa Live Wire katika kingine, na Phantom Girl akawa Apparition, na maelezo hakuna. Alijaza mapengo mwenyewe. Wenzetu wenye ndugu ng'ambo waliokuwa wakiletewa mfululizo mzima ndio wanaoumia zaidi, na maumivu yao si ya kuchekwa. Ukishajua umekaa na nani, utajua pia pa kulegeza.

Kuna mwalimu mstaafu wa Buruburu, mzee wetu pale mezani, ambaye hupenda kusema kwamba Fisi ameuawa na Sungura mara zisizohesabika, na usiku unaofuata yu hai na njaa yake ile ile, wala hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kwamba hadithi imeanzishwa upya. Namheshimu Mwalimu, lakini hapo namkatalia kila mara. Hadithi za Fisi hazikuahidi kukumbuka chochote. Legion iliahidi. Jim Shooter, aliyeanza kuiandikia akiwa na miaka 14, alimtoa mhanga mwanakikosi Ferro Lad mwaka 1967 ili Jua lisimezwe na dubwana la Sun-Eater, na miaka ikapita wenzake wakiendelea kumlilia. Msomaji aliyefundishwa kwamba kifo kina uzito ana haki ya kuuliza uzito ule umekwenda wapi. Kwa hiyo usimwambie shabiki wa zamani kwamba “ni katuni tu.” Ukimwambia hivyo, mjadala umeshauua.

Upande wa pili, shabiki wa zamani naye asijifanye kwamba kilichofutwa kilikuwa dhahabu tupu. Hapa ndipo meza yetu huchemka kweli. Bendis alipomleta Lightning Lad akiwa Mweusi, mzee mmoja wa pale alisema waache wahusika wa watu, wabuni wapya. Hoja hiyo nimeisikia kwa watu waungwana kabisa, na haijatokana na chuki. Jibu langu huwa ni kuuliza wapya wale walibuniwaje zamani. Kikosi kile kilikuwa na Chameleon Boy wa rangi ya chungwa, Brainiac 5 wa kijani, Shadow Lass wa buluu. Karne ya 30, sayari chungu nzima, na mtu Mweusi kikosini hakuna mpaka 1976. Ndipo akaletwa Tyroc, katika Superboy namba 216, kijana mwenye nguvu za sauti. Anatoka wapi? Marzal, kisiwa kilicho nje ya pwani ya Afrika, chenye watu Weusi peke yao, waliojitenga na wasiotaka msaada wa Legion. Baadaye tukaambiwa kisiwa chenyewe hupotea katika ulimwengu mwingine kila baada ya miaka mia mbili.

Soma hayo ukiwa Nairobi uone yanavyokukaa. Waandishi walitafuta sababu ya kutokuwepo kwetu, na sababu waliyoipata ni kwamba sisi wenyewe ndio tuliojificha. Hilo halitengenezeki kwa kuongeza mhusika mpya pembeni, kwa sababu tatizo liko kwenye msingi wa mwaka 1958. Mwanzo mpya ndio unaokuruhusu kugusa msingi. Dada mmoja wa kikundi chetu, mchoraji wa matangazo, aliweka toleo la 1976 na la 2019 pamoja mezani bila kusema neno. Yule mzee aliangalia muda mrefu, kisha akasema, “Haya, dada, nimekuelewa, lakini nywele zake bado sizipendi.” Tulicheka mpaka wahudumu wakageuka. Niseme pia kwamba kitabu chenyewe cha 2019 sikukipenda sana. Wahusika ni wengi mno, kila mtu anaongea kwa wakati mmoja, na kiliishia toleo la 12 kabla sijawajua nusu yao. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi na bado akaona kazi haikuiva.

Hiyo inanipeleka kwenye kipimo ninachokiamini. Mwanzo mpya upimwe kwa hadithi ulizozaa, na upewe muda wa kuzizaa. Ule wa Waid na Kitson ulichekwa hapa mjini kwa miaka. Ndani yake serikali inawafuatilia vijana kila waendako, watu wazima wametulia starehe, na maelfu ya vijana wanapiga kambi nje ya makao ya Legion. Wazee wetu walisema watoto hawa hawana adabu. Kisha mwanafunzi mmoja wa chuo akajiunga nasi, akausoma baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, na mtu alipomrudia maneno yale ya adabu, akajibu kwa upole: “Mzee wangu, heshima yako, lakini hapo ndipo kitabu kinapoanza kuzungumza na mimi.” Hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Cha ajabu, mfululizo ule ule karibu na mwisho wake uliangukia mikononi mwa Jim Shooter, yule mvulana wa miaka 14, aliyerudi kuuandika 2008 akiwa mtu mzima. Ulifungwa toleo la 50, mwaka 2009.

Kwa anayeanza leo na kuogopa, usianzie 1958. Zile ni hadithi fupi za watoto, tamu kwa kipimo, na ukizisoma mfululizo utasinzia. Anza na The Great Darkness Saga ya Paul Levitz na Keith Giffen, ya 1982. Utakutana na majina mengi usiyoyajua, lakini hadithi inakubeba mpaka adui anapojifunua. Ukipenda vijana wenye hasira, chukua Waid na Kitson. Ile ya 1989 ya Giffen pamoja na Tom na Mary Bierbaum, kikosi kimevunjika, miaka mitano imepita, kurasa zimekatwa vyumba tisa tisa na hakuna anayekueleza lolote, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na simshauri mgeni hata mmoja aianzie hapo. Chagua enzi moja, uimalize. Usijaribu kuzipatanisha enzi zote ziwe historia moja. Wenyewe DC wamejaribu na wakaishia kuzikutanisha tatu kwa mpigo katika Legion of 3 Worlds, 2008 hadi 2009, wakamwachia marehemu George Pérez kazi ya kuwachora wote.

Katika mabishano yenyewe, kanuni zetu ni chache. Hoja bila toleo mezani, au angalau ukurasa kwenye simu, haisikilizwi. Neno “halisi” tumelipiga marufuku, na atakayelitamka analipia chai ya meza. Mwenye kufichua mwisho wa hadithi ambayo mgeni hajaisoma analipia na mandazi. Kila anayekatalia mwanzo mpya fulani sharti ataje kitu kimoja alichokipenda ndani yake, na asipokipata tunajua hajausoma, tunaendelea na mwingine.

Na kuhusu kuazimana: andika. Jina, namba ya toleo, tarehe, kwenye daftari, mbele ya mashahidi. Seti yangu ya Waid na Kitson iko tayari kwa yeyote anayeitaka, ila matoleo ya Levitz hayapo, na aliyenayo anasoma makala hii.