Mnaoanza haki za binadamu, msiishie kwenye uamuzi

Wadogo zangu mlioingia mwaka huu, kuna kosa nililifanya nikiwa mgeni na bado naliona kwa wapya, mtu anasoma uamuzi wa Tume ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika dhidi ya Marekani, anaona serikali imejibu kwamba haifungwi nao, basi anaandika "Tume haina meno" anafunga faili. Jamani msifanye hivyo.

Ni kweli Marekani ilisaini Mkataba wa Amerika wa Haki za Binadamu 1977 na mpaka leo haijauridhia, kwahiyo ile Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika, iliyoko San José, Costa Rica, haiigusi, Tume inabaki na Azimio la Amerika la Haki na Wajibu wa Binadamu la 1948 tu.

Sasa chukueni kesi ya Jessica Lenahan. 1999 huko Castle Rock, Colorado, mume waliyetengana kawachukua mabinti zao watatu na mama ana amri ya mahakama ya kumzuia huyo mume, mama kapiga simu polisi usiku ule mara kibao anaambiwa subiri, watoto wakaja kukutwa wamekufa ndani ya gari la baba yao. Nimeisoma miaka mingi na bado inaniuma. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, majaji 7 kwa 2, kwamba katiba haimpi haki ya kudai polisi watekeleze ile amri. Kwenye mahakama za Marekani ikawa imeisha. Ndo akaenda Tume, na 2011 Tume ikasema wazi Marekani ilishindwa kumlinda yeye na wanawe, na hata vifo vyenyewe havikuchunguzwa inavyotakiwa.

Hapa ndo kazi yenu inapoanza, fuateni ule uamuzi wa Tume ulikwenda wapi. Cincinnati mwaka huohuo baraza la mji likapitisha azimio kwamba kuishi bila ukatili wa nyumbani ni haki ya binadamu, Baltimore wakafuata 2012. Wakili wake, Caroline Bettinger-López, 2015 akawa mshauri wa White House kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, na mwishoni mwa mwaka huo Wizara ya Sheria ikawapa polisi mwongozo wa namna ya kushughulikia kesi hizi bila ubaguzi wa kijinsia. Haya yote huyapati kwenye hukumu, unayapata kwenye kumbukumbu za vikao vya madiwani, na kwa kuwauliza watu wa nyumba salama, zile zinazohifadhi wanawake waliokimbia ukatili.

Na la mwisho kwa mtakaoandaa malalamiko wenyewe: miezi 6 ya kuyafikisha kwa Tume inahesabiwa tangu mteja ajulishwe uamuzi wa mwisho wa mahakama za nchini kwake, iandike hiyo tarehe juu ya faili siku ileile.